Dainosa wa Chrome hatokei ovyo

Mie natengeneza tovuti hapa Zanzibar, ndo kazi yangu: hoteli za Nungwi na Paje, watu wa boti za pomboo kule Kizimkazi, duka la viungo, skuli mbili tatu. Sasa ukishajulikana mtaani kuwa weye ni "mtu wa kompyuta" basi hapana anokuuliza habari ya tovuti. Barazani kwetu baada ya isha, kahawa ishamiminwa na kashata ziko juu ya kipande cha gazeti, masuali ni yale yale matatu yanazunguka: brauza gani nzuri (ile programu ya kufungulia tovuti), kwa nini gemu linaganda, na kwa nini mtandao fulani haufunguki, "wameufunga au bando langu limekwisha?" Hili la tatu huulizwa zaidi na wazee mana wao ndo wenye kiu ya habari za siasa, na huulizwa kwa sauti ya chini kidogo.

Miaka yote nlikuwa najibu kila moja kivyake, leo hili kesho lile, mpaka nlipoona kuwa yote ni suali moja. Hicho unachokitaka kiko wapi? Kiko ndani ya simu yako tayari, kiko ng'ambo ya bahari kwenye kompyuta ya mtu, au kiko njiani, na huko njiani kuna mtu kakaa? Na alonifumbua macho wala si profesa, ni dainosa, yule mweusi mweusi wa brauza ya Chrome anoruka mipungate mtandao ukikosekana.

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima, bara na huku kwetu. NetBlocks, wale wanopima mitandao ya dunia, waliitangaza siku ile ile, na haikuanza kurudi mpaka mwanzoni mwa Novemba. Siku hizo simu ilikuwa tochi na saa ya kuangalia wakati wa sala. Mtoto wa dada yangu, darasa la saba, keshazoea kushinda kwenye gemu za mtandaoni, akanijia kashika simu yake: "Mjomba, hivi huyu mjusi anatumia bando la nani?"

Nlicheka lakini suali lile ni zuri kuliko mengi nnoulizwa na watu wazima. Hatumii bando la mtu. Ukiweka Chrome kwenye simu, dainosa anaingia humo humo pamoja nayo, kama mshumaa unokaa kwenye droo unangoja umeme ukatike. Google walimtoa mwaka 2014, na utani wenyewe ni kuwa kukosa waifai ni sawa na kurudi zama zile kabla binadamu hajazaliwa. Mwaka 2018 wakasema anachezwa mara milioni 270 kwa mwezi, na wachezaji wengi wako nchi ambazo bando ghali au mtandao haueleweki, India, Brazil, Meksiko, Indonesia, yaani ni gemu la wenye shida zao. Mpaka ikabidi watu wa maofisini na maskulini wapewe namna ya kulizima mana wanafunzi walikuwa hawashiki kalamu. Kaunta yake inaishia 99,999, na waliolitengeneza walisema, kwa mzaha wao, kuwa kulimaliza kunataka miaka milioni 17.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, na ndo hasa nlotaka kuandika leo, dainosa hatokei ovyo. Chrome ikiona ukurasa haukuja haikimbilii kukutolea mjusi. Kwanza inatazama kama kuna njia yoyote ya kutokea nje. Kama hapana kabisa, data imezimwa, au waifai ipo lakini kila mlango inougonga kimya, inakuandikia ERR_INTERNET_DISCONNECTED, au DNS_PROBE_FINISHED_NO_INTERNET, na hapo ndo dainosa anasimama. Lakini kama njia ipo na ni ukurasa ule mmoja tu ulogoma, dainosa humuoni. Unaona kikaratasi chenye uso wa kununa, na chini yake maneno mengine ya herufi kubwa ambayo watu huyapita kama hawayaoni, kumbe ndo jibu lenyewe liko pale.

Kwa hiyo ile "wameufunga au bando limekwisha" mara nyingi unaweza kuijibu mwenyewe bila kuniita. Dainosa: huna njia. Kikaratasi cha kununa: njia unayo, tatizo liko kwa huyo unomtaka au kwa aliye katikati. Si kipimo cha hospitali, kuna siku kinakosea, lakini mie kimenisaidia zaidi kuliko kuzima na kuwasha simu mara kumi.

Hayo ya katikati nayaeleza barazani kwa boti, mana hapa kila mtu keshawahi kutuma kifurushi Pemba. Unakwenda bandarini Malindi, unauliza boti ya Mkoani ni ipi, unaoneshwa, unampa baharia kifurushi kimefungwa na jina la mpokeaji limeandikwa juu, kinakwenda. Intaneti ni hivyo hivyo. Kuuliza boti ni ipi ndo DNS, lile daftari linobadilisha jina la tovuti kuwa namba. Kifurushi kilofungwa ndo ile kufuli ulokuwa ukiiona pembeni ya anwani kabla Chrome hawajaibadilisha mwaka 2023, baharia hajui ndani mna nini, lakini jina la juu anaweza kulisoma, mana asipolisoma atakipeleka wapi?

Basi mtu akitaka kukuzuia ana nafasi kadhaa za kusimama. Anaweza kusimama kwenye daftari, ukiuliza boti unaambiwa "hapana boti ya jina hilo", na brauza inakuandikia NXDOMAIN. Anaweza kuliacha daftari akasimama kwenye gati anasoma majina ya vifurushi, akiona jina asilolitaka anakitupa, hapo utapata CONNECTION_RESET au utangoja weee mpaka iandike TIMED_OUT. Anaweza asizuie kitu ila boti ikaenda kwa injini moja, meseji za maandishi zinafika, picha inazunguka tu, video ndo usahau, na hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu huna ushahidi, kila mtu anadhani simu yake mbovu. Na anaweza kufunga bandari nzima.

Tumeona karibu aina zote. Mwaka 2020 kuamkia uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba ilibanwa mitandao ya kijamii, Twitter, WhatsApp na wenzao, tovuti za kawaida zikawa zinafunguka. Jumanne ya tarehe 20 Mei 2025, siku ambayo akaunti ya Jeshi la Polisi iliingiliwa, X, ile Twitter ya zamani, ikaacha kufunguka, na baadaye serikali ikaeleza kuwa sababu ni maudhui ya ngono yanoruhusiwa kule. Siku ile hapana alomuona dainosa, ni kikaratasi cha kununa tu. Oktoba 2025 ndo bandari ilofungwa, na ndo maana kila simu mtaani ilikuwa inaruka mipungate.

Hapo ndo linaingia suala la VPN, na hapa watu wanachanganya sana. VPN ni kuchukua kifurushi chako ukakitia ndani ya kifurushi kingine chenye jina la mtu mwengine juu. Aliyekaa gatini anaona jina hilo jengine, anakipitisha, huyo mtu wa pili anakifungua cha nje na kukipeleka cha ndani kunakohusika. Ni njia ya panya, inafanya kazi kama zuio liko kwenye jina. Lakini bandari ikifungwa njia ya panya inatokea wapi? Zile siku za Oktoba kuna jamaa zangu walipakua VPN nne kabla, wakawa wanaziwasha moja baada ya moja na hapana kilichofunguka. Na juu ya hapo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kuwa wanotumia VPN wajisajili mpaka tarehe 30 ya mwezi ule, kwa hiyo kabla hujaniambia nkuwekee, jua na hilo. Halafu ile VPN ya bure nayo ni mtu, keshakaa katikati yeye sasa, anayaona majina yote ulokuwa hutaki mwengine ayaone, na seva zake analipia kwa pesa ya wapi?

Inkognito, ule upande wa siri wa brauza, ndo kabisa. Kuna mzee pale barazani kila akitaka kusoma habari za siasa hufungua inkognito, anaona lile giza na kofia anajua keshajificha. Nlimwambia, ami, hiyo inakuficha kwa watoto wako tu wakichukua simu. Inachofanya ni kutohifadhi historia na kuwasahau waliokutambua ukishafunga, basi. Kifurushi kinapita bandari ile ile na jina lile lile. Google wenyewe walishitakiwa Marekani mwaka 2020 kwa sababu watu waliamini neno lile zaidi ya uwezo wake, na mwaka 2024 wakakubali kufuta rundo la data walokusanya kwa watu waliodhani wamejificha. Mzee alininunia siku mbili. Bado anaitumia lakini, anasema ile rangi nyeusi haimuumizi macho.

Tuje kwenye gemu, mana hapa hapana alofunga kitu na bado watu wanalia.

Sie wa visiwani suala la waya chini ya bahari hatuhitaji kufundishwa. Aliyekuwepo Unguja Mei 2008 anakumbuka umeme ulivyoondoka karibu mwezi, na akajua siku hiyo kuwa taa yake inatoka bara, inaingia baharini Ras Kiromoni inaibukia Ras Fumba, wakati ule waya mmoja tu. Kisha Desemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu, mafriza yakawa makabati ya nguo. Intaneti ni yale yale ila masafa marefu zaidi. Kutoka hapa inavuka kwenda bara, na kutoka Dar inashika mikongo ya baharini, SEACOM ilofika 2009 na EASSy ilofuata 2010, yote miwili inashuka mpaka Afrika Kusini na kupanda juu Bahari ya Shamu kuelekea Ulaya, kwa maneno mafupi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika zote pamoja kusini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa waloumia sana. Wala siku ile haikuwa dainosa, ilikuwa kungoja tu, mana kidogo kilichobaki kilikuwa kinapita kwenye kitundu.

Sasa huyu mpwa wangu anacheza na watu ambao seva yao iko Ulaya au Mashariki ya Kati. Akibonyeza kupiga risasi, habari hiyo haiendi kwa adui, inakwenda kwanza kwa seva, seva ndo hakimu, kisha jibu linarudi. Muda wa kwenda na kurudi ndo pingi. Mwanga ndani ya ule uzi wa kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, inasikika nyingi lakini piga hesabu: kila kilomita elfu moja ni milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Kutoka hapa mpaka Frankfurt kwa mstari ulonyooka ni kilomita elfu saba hivi, tayari milisekunde 70 hata kama mbingu na ardhi zitakusaidia, na mkongo haunyooki, unazunguka Bahari ya Shamu, unapita mashine hii na mashine ile, kwa hiyo ukiona mia na ushei usishangae, na ikifika 150 wala usimtukane mtu. Skrini inochora picha 60 kwa sekunde inamaliza picha moja kwa kama milisekunde 17, maana yake kwa 150 mwenzako wa karibu na seva keshaona picha tisa mbele yako. Unapiga kivuli.

Kosa linofanywa na vijana wote ni kuongeza bando. "Mjomba ninunulie GB kumi, gemu linaganda." GB kumi haziipunguzi pingi. Boti ukiiongeza viti mia mbili haifiki Dar mapema, inabeba watu wengi zaidi tu. Ukubwa wa bando au kasi ya kupakua ni viti, pingi ni masafa ya safari. Ndo maana YouTube inakwenda bila kukwama na gemu lile lile saa ile ile linagandaganda, watu wanaona kama uchawi: YouTube ina maghala yake karibu, video inopendwa ishawekwa huku huku kanda yetu, halafu video inaweza kubeba akiba ya sekunde thelathini mbele. Gemu haliwezi kuweka akiba ya kesho, mana halijui adui atakwenda kushoto au kulia.

Kinachoweza kusaidia kiko upande wako. Saa mbili usiku mtaa mzima uko kwenye rauta moja, dada anaangalia tamthilia, baba anapokea mavideo ya WhatsApp, vifurushi vyako vidogo vya gemu vinakaa foleni nyuma ya makontena ya wenzako. Hapo pingi inapanda bila bahari kuhusika. Cheza alfajiri uone. Au chagua seva ya karibu kama gemu linaruhusu, japo marafiki wa mpwa wangu wako ile ya mbali na bila ya marafiki gemu la nini, hilo nalo nalielewa.

Na ile "nimejificha nyuma ya ukuta nikafa, wananiibia!" wala si wizi. Seva inajua kuwa alokupiga alikuona zamani kidogo, kwa hiyo inarudisha saa nyuma, inatazama wakati ule yeye anabonyeza weye ulikuwa wapi kwenye skrini yake. Ulikuwa nje. Kwako ushaingia ndani, kwake bado. Wote wawili mnasema kweli, na hakimu kamuamini mpigaji. Mie naona ni haki, mpwa wangu haoni.

Brauza sasa, na hapa nitaongea mana ndo mkate wangu.

Watu hudhani brauza ni dirisha, unafungua unaona kilichoko ng'ambo. Si dirisha, ni mpishi. Kinachokuja kwenye waya si ukurasa, ni mchele mbichi na nazi haijakunwa na karatasi ya maelekezo. Brauza ndo inakuna, inachuja, inapika, yote ndani ya simu yako, ndo maana simu dhaifu inachemka kwenye tovuti nzito hata kama mtandao mzuri. Wakubwa mnaikumbuka Opera Mini kwenye zile simu za vitufe? Ile ilikuwa janja yake tofauti: ilipika kwa seva zake yenyewe huko huko, ikakutumia chakula kishaiva kimekamuliwa kidogo kama nini, MB moja ukasoma magazeti wiki nzima. Bei yake ni kuwa mpishi wa mbali anajua kila ulichokula.

Hao wapishi wako wangapi? Ukitazama majina ni wengi, Chrome, Edge, Opera, Brave, Samsung Internet, Vivaldi, na barazani watu hushindana kabisa, huyu wa Opera huyu wa Brave, karibu kukosana. Wote hao sita ndani mna injini moja, Blink, ya Google. Bodi tofauti, rangi tofauti, kondakta tofauti, injini ile ile. Zilobaki za maana ni mbili, WebKit ya Apple na Gecko ya Firefox. Na kwenye iPhone ukiweka Chrome umeweka WebKit yenye nguo za Chrome, Apple hawakuruhusu injini nyingine mpaka Umoja wa Ulaya ulipowalazimisha Machi 2024, na hiyo mwanzo ilikuwa kwa watu wa Ulaya tu.

Hili mie lilinila pesa. Nliwahi kutengeneza ukurasa wa kuhifadhi vyumba, hoteli ndogo pwani ya mashariki, nkaujaribu kwenye Chrome yangu, swafi, nkamkabidhi mwenyewe. Wiki mbili Wataliano wote wakawa wanashindwa kuhifadhi na Wajerumani wengine wanaweza. Nlihangaika nkadhani ni kadi za benki. Kumbe tarehe nlikuwa naiandika mwaka, mwezi na siku kwa vistari kisha nafasi kisha saa, Blink inasamehe inaielewa, Safari, brauza ya Apple, ya wakati ule haikusamehe, inajibu kuwa hiyo si tarehe. Wenye iPhone wote nje. Nafasi moja! Nlirudisha nusu ya malipo na aibu juu.

Tena hizi brauza zina ukoo wa kuchekesha. WebKit ilichukuliwa na Apple kutoka KHTML, kazi ya watu wa kujitolea wa mradi wa KDE, Safari ikatoka 2003. Google wakaichukua WebKit wakatoa Chrome 2008, kisha 2013 wakajitenga wakaiita Blink. Microsoft nao wakaiacha injini yao, Edge ya Januari 2020 ikaja na Blink. Na kila brauza ikigonga mlango wa tovuti inajitambulisha, na utambulisho wa Chrome ukiusoma mzima utasema ni Mozilla, AppleWebKit, KHTML, mfano wa Gecko, Chrome, Safari. Yote hayo kwa pamoja! Ni kama harusi inoalika ukoo fulani tu. Zamani katikati ya miaka ya 90 Netscape, brauza ya wakati ule, alikuwa anajiita Mozilla, na tovuti zikawa zinampa yeye sahani nzuri, Internet Explorer ya Microsoft akaja akasema "na mie Mozilla" ili apewe, alofuata akasema "mie mfano wa Gecko", alofuata "mie Safari", na kila mmoja alibaki na uongo wa babu yake akaongeza wake. Hapana anothubutu kuufuta mpaka leo, anaogopa kuna mlango mmoja utafungwa.

Nkifika hapa yule mzee wa inkognito huchangamka mana anasikia harufu ya siasa, na kweli ipo. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliwashitaki Microsoft kwa kuitia Internet Explorer ndani ya Windows ili Netscape afe, mwaka 2000 jaji akaamuru kampuni ipasuliwe mbili, mwaka 2001 rufaa ikaupangua ule mpasuko. Zamu ya Google ikaja. Tarehe 5 Agosti 2024 jaji Amit Mehta alisema Google wamehodhi biashara ya utafutaji kinyume cha sheria, na kilichotoka kwenye kesi ile kiliwashangaza hata sie wa kazi hii: mwaka 2022 pekee Google waliwalipa Apple dola bilioni 20 ili ukiandika kitu kwenye Safari kitafutwe Google na si kwengine. Mzee akasema, "Yaani kodi ya fremu ya mbele." Ndo hiyo hiyo, fremu ya duka sokoni Darajani inalipiwa kwa sababu watu hawapendi kuingia vichochoroni. Firefox naye, mpinzani wao, sehemu kubwa ya pesa yake inatoka kwa Google kwa mkataba wa aina hiyo.

Serikali ilitaka Google waiuze Chrome. Kampuni moja ya akili mnemba, Perplexity, Agosti 2025 ikajitokeza kuinunua kwa dola bilioni 34.5, pesa ambayo wengi hawakuamini inayo. Tarehe 2 Septemba 2025 jaji akasema Chrome haiuzwi, ila mikataba ya kumzuia mtu asiweke mwengine marufuku, na data nyingine za utafutaji wapewe washindani. Kulipa fremu bado ruhusa. Mie naona jaji aliogopa, lakini pia sijui nani angeinunua akaipikia dunia thuluthi mbili bila kuiharibu, mana ndo kiasi cha wanotumia Chrome, au zaidi kidogo.

Kwa hiyo nkiulizwa brauza gani nzuri nasema weka Firefox moja pembeni, si kwa sababu ni nzuri kuliko zote, ila angalau jikoni kuwe na mpishi mwengine. Watu huitikia, kisha hawaweki. Mpwa wangu aliweka Edge, kwa sababu moja tu: ukiandika edge://surf unapata gemu la kuteleza baharini juu ya ubao kama wale wazungu wa Paje, nalo liko ndani ya simu, halitaki bando.

Lakini zile siku za Oktoba alikuwa bado na Chrome peke yake. Siku ya tatu au ya nne akafikisha elfu sita na kitu, usiku umeingia ukatoka kwenye skrini mara kadhaa, wale ndege wanamkosa chupuchupu, sie wote barazani tumemzunguka hata mzee kasimama. Alipokufa akapiga skrinshoti haraka, akaanza kutafuta jina langu kwenye WhatsApp anitumie. Kidole kikasimama juu ya kitufe, akaniangalia. Nkamwambia washa bluetuthi.